Panga Lenye Jina la Githongo

Mume wangu Githongo alilinda msitu pale Loitokitok miaka ishirini na tisa, akastaafu na cheti kimoja na goti bovu. Tangu tuhamie Kitengela hajawahi kutaja likizo. Kwa hiyo alipoazima gari la mkwe wetu, lile lenye kitanda na jiko la gesi ndani, nilijua kuna jambo. Alisema anataka nione Kilimanjaro vizuri. Nimelea watoto wanne chini ya mlima huo, lakini nilifunga chapati tukaondoka. Njiani alirudia mara mbili kwamba mcheza kwao hutunzwa, nikaelewa. Ofisi ya zamani ya msitu imefanywa makumbusho, na yeye alitaka kuona kama jina lake limo.

Tulilala Entarara, karibu na Loitokitok, ndani ya gari. Asubuhi akavaa sweta ya kijani ya kazini, na joto lote lile.

Aliyetutembeza makumbushoni ni Resian, mama wa makamo mwenye funguo kiunoni. Alituonyesha misumeno ya kuvutwa na watu wawili, kisha picha za mabwana misitu. Githongo alisoma kila jina, kidole kwenye kioo. Wakubwa walikuwemo wote, hata mmoja ambaye hakuwahi kupanda mlima ila kwa gari. Githongo hakuwemo. Nilimhurumia, na nikakasirika kwa niaba yake.

Meza ya mwisho ilikuwa ya vifaa walivyonyang'anywa wakata miti. Kwenye mpini wa panga moja palifungwa karatasi iliyofifia, yenye mwandiko ninaoujua kuliko wangu: "Nalotuesha. Tawi moja la oloirien. Machi 1996. Aliyekamata: Askari Githongo."

"Si nilikuambia," akasema, ingawa hakuwa ameniambia kitu. Akataka nimpige picha.

Resian akauliza kama ndiye Githongo mwenyewe. Akakubali, kifua mbele. Resian hakupandisha sauti. Akatueleza kwamba Nalotuesha ni mama mkwe wake. Tawi lile la oloirien, mzeituni wa mwituni, lilikuwa la kufukizia vibuyu vya maziwa, na panga aliachiwa na marehemu mama yake. Kila mwaka huja kuliomba, na kila mwaka huambiwa halitoki bila sahihi ya askari aliyelichukua. Askari alistaafu akahama, na hakuna aliyejua aliko.

"Yuko karibu?" Githongo akauliza.

"Yuko, hapo nyuma ya shule. Lakini mzee, hiyo ikitoka, hapa hakuna kitu ingine iko na jina yako."

Githongo akanitazama. Nilikuwa nimeinua simu, picha sijapiga. Sikumsaidia kuamua, maana ile hamu ilikuwa yake na kosa pia lilikuwa lake. Alisugua goti. Kisha akaomba kalamu.

Panga alilipeleka mwenyewe. Nalotuesha alikuwa amekaa nje, mzee kutuzidi sote. Alilishika, akapapasa mpini kwanza, ndipo akagusa karatasi. Kusoma hakujua. Akauliza imeandikwa nini.

Githongo akavaa miwani, akaitazama mpaka mstari wa mwisho.

"Imeandikwa hii panga ni ya Nalotuesha," akasema.