Timu ya Baba Salwa

Stara alikuwa fundi cherehani wa Chang'ombe, mtaa ambao ukikaanga kitunguu jirani anajua mnakula nini. Alishona sare za shule barazani kwake, na kwa miaka mingi mpira ulikuwa kwake kelele za wanaume tu.

Mumewe, Abdulrazaki, alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli mjini. Aliachiwa na baba yake, na baba aliachiwa na babu, ambaye alikuja na misafara kutoka pwani akachoka kurudi. Biashara zilipofunguliwa na bidhaa za Dubai zikaanza kumiminika, duka lile likachangamka. Abdulrazaki akanunua redio kubwa ya kaseti. Kisha mtu akafunga dishi kwenye ukumbi wa video wa mtaa wa pili, na wanaume wa Chang'ombe, ambao wengi hawajawahi kufika hata Tanga, wakawa wanajua viwanja vya Uingereza kuliko njia ya kwenda Bahi.

Mchezo uliletwa na Gaudence, karani wa ofisi za Bunge aliyepanga chumba mtaa wa Nkuhungu. Aliusoma kwenye gazeti la Kizungu lililosahauliwa na mgeni. Unachagua wachezaji wako kumi na mmoja kutoka timu yoyote ya Uingereza. Mchezaji wako akifunga, unapata pointi. Kipa wako asipofungwa, unapata. Akipewa mtu wako kadi nyekundu, unakatwa. Walicheza watatu: Gaudence, Abdulrazaki, na Swalihu muuza mtama. Hawakuwekeana hata soda. Majina ya Kizungu yalipowashinda waliwabandika wachezaji majina ya kwao. Abdulrazaki alikuwa na Mkokoteni, mshambuliaji mzito asiyegeuka haraka. Alikuwa na Bi Harusi, aliyeanguka kabla hajaguswa. Na kipa wake walimwita Askari Jela.

Kila Jumapili alasiri walikutana barazani kwa Abdulrazaki. Gaudence alisoma matokeo kama anayesoma hotuba ya bajeti, kahawa ikanywewa, wakatukanana kirafiki mpaka adhana ya magharibi.

Kiangazi kimoja Abdulrazaki alianguka dukani huku akimhesabia mteja spoku. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, na ulimi ukafungwa. Likabaki guno moja tu la kooni. Hospitali walimwambia Stara asikate tamaa, wapo wanaorudi. Binti yao Salwa, aliyeolewa Singida, alikuja akakaa wiki chache, akalia, akarudi kwa mumewe.

Stara alijaribu kila alichoambiwa. Alimpikia mchuzi wa samaki wa Mtera, akamchambulia miba kwa vidole. Alimnywesha kombe la shehe, maji yaliyooshea aya. Alimkanda kwa mafuta ya mzee mmoja wa Kondoa, mafuta yaliyonuka hadi wateja wa sare wakawa wanasimama mbali. Hakuna kilichosogea. Asubuhi alimkuta alivyomwacha jana, macho darini.

Halafu Gaudence na Swalihu wakaja. Waliona haya kuja mikono mitupu, na hawakujua waseme nini mbele ya mtu asiyejibu, basi Gaudence akatoa karatasi akasoma matokeo ya wiki. Alipofika kwenye Mkokoteni, kwamba amefunga mawili, mkono wa kushoto wa Abdulrazaki ukainuka juu ya shuka.

"Shemeji, umeona?" Swalihu alisema.

Stara alikuwa ameona. Jioni ile mgonjwa alikula bakuli zima la uji.

Tangu siku hiyo Jumapili ikawa ndiyo dawa. Stara, asiyejua kona wala penalti, alianza kuiendesha timu ya mumewe. Jumamosi aliweka redio karibu na mto, akatega sikio huku akikunja marinda ya sketi. Alimwuliza Swalihu nani mzima na nani kaumia. Mchezaji alipohitaji kubadilishwa, ni yeye aliyechagua. Na ilikuwa vile vile kila wiki, au ndivyo alivyoona: timu ikishinda, mkono unainuka, chakula kinapita. Ikishindwa, mdomo unafungwa, kijiko kinagonga meno.

Mvua za kwanza zilipokuja timu ikaanza kuzama. Mkokoteni alivunjika mguu. Bi Harusi alimpiga mtu kiwiko akafungiwa. Wale aliowachagua Stara badala yao walikaa benchi. Jumapili baada ya Jumapili Gaudence alisoma jina la Abdulrazaki mwisho, kwa sauti ya chini, na Jumapili baada ya Jumapili mgonjwa alikonda. Mabega yakawa kama ya ndege. Stara alisali, akafunga sunna, na ndani ya sijda alijikuta anamwombea goli Mzungu asiyemjua hata sura. Aliona aibu, lakini akaendelea kuomba.

Hatimaye alijifunga kanga ya pili akaenda Nkuhungu, kumsubiri Gaudence atoke kazini.

"Shemeji, kwema?" Gaudence alishtuka kumkuta mlangoni.

"Si kwema. Naomba Jumapili usome Baba Salwa ameshinda."

Gaudence alimtazama. "Nisome ambacho hakikutokea?"

"Ndiyo."

"Shemeji, hiyo haiwezekani. Matokeo ni matokeo. Razaki mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali kuliko sisi wote. Aliwahi kunigombeza kwa nusu pointi."

"Yule Razaki hayupo," Stara alisema. "Aliyepo hajui Jumamosi wala Jumatatu. Anajua sauti yako ikipanda na ikishuka, basi. Mnipandishie sauti, shemeji. Mtu anakufa mikononi mwangu."

Alisema hivyo kisha akakaa chini pale kizingitini, mwanamke mzima, mbele ya wapangaji wengine waliokuwa wanateka maji. Gaudence akamwinua. Akakubali.

Jumapili ilipofika alisoma kwa sauti kubwa. Mlinzi wa Abdulrazaki amefunga kwa kichwa! Askari Jela hakufungwa! Abdulrazaki wa kwanza! Swalihu, aliyekwisha kuambiwa, akapiga paja akajifanya amekasirika. Stara hakuwa akimtazama Gaudence. Alikuwa akiutazama ule mkono.

Haukuinuka.

Abdulrazaki aliitazama redio iliyokuwa kando ya mto wake. Kisha akamtazama Gaudence, aliyekuwa bado anatabasamu. Kisha akamtazama mkewe, na hapo macho yakakaa. Chozi moja likatoka likashuka sikioni, asiweze kulifuta. Akageuza uso ukutani.

Alikuwa amesikiliza mechi zote. Jumamosi zote alikuwa akisikiliza, akifuata, akijumlisha. Miezi yote ile Stara alikuwa amemlisha, amemgeuza, amemsemea mbele ya wageni kama mtoto mchanga, na mle ndani mtu alikuwemo, mzima, anasikia. Na sasa alijua mkewe na rafiki zake wanamwonaje.

Swalihu alinong'ona kwaheri. Gaudence alisahau kofia yake.

Siku zilizofuata Abdulrazaki hakufungua mdomo, si kwa uji wala kwa maji, isipokuwa Stara alipombana mashavu kwa nguvu, na akifanya hivyo walilia wote wawili. Alimwomba msamaha kwa maneno yote aliyokuwa nayo. "Niliogopa, Baba Salwa. Niliogopa tu." Uso haukutoka ukutani.

Akarudi Nkuhungu. Gaudence alikataa kuja. Alisema hawezi kumtazama Razaki machoni.

"Basi usimtazame," Stara alimwambia. "Msomee ya kweli, hata uyasomee dirishani."

Alikuja. Alisimama mlangoni na Swalihu nyuma yake, akasoma matokeo ya kweli ya wiki mbili. Abdulrazaki alikuwa wa mwisho, tena kwa mbali. Alipomaliza akasema, "Nisamehe, Razaki."

Polepole uso ukatoka ukutani. Abdulrazaki aliguna, akapunga vidole vya kushoto kama anayefukuza nzi. Walijua ishara hiyo ya zamani: toa mtu.

"Anataka kubadilisha mchezaji!" Swalihu alisema, karibu acheke kwa furaha.

Stara alipiga magoti kando ya kitanda. "Tumtoe nani? Ukikubali, fumba macho. Yule wa badala ya Mkokoteni?" Macho wazi. "Wa badala ya Bi Harusi? Askari Jela?" Macho wazi. Alitaja mmoja mmoja, timu nzima, na kila jina macho yalibaki wazi, na guno likawa kali zaidi, mpaka jasho likamtoka mgonjwa. Stara akaanza upya kutoka mwanzo, akichanganya majina. Ndipo Abdulrazaki alipokokota mkono wake wa kushoto juu ya shuka, akaufikisha kifuani kwake, akajigonga.

"Wewe?" Stara aliuliza. "Utoke wewe?"

Akafumba macho.

"Hapana, Razaki," Gaudence alisema. "Ligi bado mbichi. Utapanda."

Abdulrazaki hakuyafumbua macho. Swalihu alianza kubembeleza, na Stara akamzuia kwa mkono. Akawaambia, "Amesema atoke. Mtoeni."

Gaudence akapiga mstari juu ya jina, kalamu ikachana karatasi.

Baada ya hapo Stara aliacha kumsemea mumewe. Alimwuliza, na kusubiri macho. Kwa njia hiyo alijua kwamba mafuta ya Kondoa yalimwunguza, kwamba alikuwa amemkinai samaki siku nyingi, kwamba hataki Salwa aitwe. Siku moja, rafiki zake walipokwisha kuja na kuondoka, aliuliza lile aliloliogopa.

"Unataka wasije tena?"

Macho yakafumbwa.

"Hata Swalihu?"

Yakafumbwa.

Stara alimwinamia. "Na mimi? Ukipata njia, nami ungetaka nitoke?"

Abdulrazaki alimtazama. Macho yalibaki wazi, wazi kabisa, mpaka yakalowa, na hakuyafumba.

Hakupona. Jumapili zikawa kimya. Gaudence na Swalihu walijaribu kuendelea wawili kule Nkuhungu, ikakosa ladha, wakaacha kabla ligi haijaisha. Stara alikuwa akishona huku amekigeuza kiti ili amwone mumewe kupitia mlango uliofunguliwa, na kila akikata uzi alimtazama. Abdulrazaki alifariki masika yalipokuwa yanamalizika, mchana, cherehani ikilia.

Swalihu aliingia kaburini kumpokea. Gaudence, Mkristo pekee katika msafara ule, alibeba jeneza na wenzake tangu Chang'ombe hadi makaburini, na kila alipotaka mtu kumpokea bega alikataa, mpaka shati lake la ofisini likachanika mgongoni.