Okei Tatu Chini ya Tenti

Kuaibika mbele ya wakwe ni doa lisilotoka kwa sabuni, na mimi niliaibika nikiwa nimevaa suti, chini ya tenti niliyoikodi mwenyewe, mtaa mzima wa Kaloleni ukitazama, kwa hivyo mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize.

Mimi ni fundi wa mbao soko la Gikomba, Nairobi. Shule niliachia darasa la pili, lakini vitanda vyangu vimelaliwa na madaktari, na watoto wangu wote wamesoma kwa randa hii hii. Kizungu changu ni neno moja, okei, na msilidharau. Mteja akitaja anachotaka, okei. Akilalamika mguu wa meza umepinda, namvutia, okeeei, anajua nimekasirika. Nikitaka mtu aondoke, okei-okei, na mkono juu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunishika (hata na mzungu mmoja aliyetaka kabati tulielewana, na kabati akalibeba).

Basi siku wakwe wa binti yangu Mwende walipokuja kupanga harusi, jirani yangu Haji, muuza vitambaa vya makochi, akanijia asubuhi na mapema.

"Mzee Mutua, baba wa bibi harusi huwa hasemi. Anakaa, msemaji wake ndiye anasema. Niachie mimi."

"Kwani mimi ni bubu?" nikamwambia. "Aliyemsomesha ndiye atamsemea."

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Msemaji wao alikuwa ami yake bwana harusi, mwalimu mstaafu kutoka magharibi mwa Kenya, miwani puani, tai shingoni. Akasimama, akakohoa, akaanza kumwaga Kizungu, na si kile cha kuomba maji, ni Kizungu kirefu kama treni ya mizigo, nami nangoja behewa la mwisho lipite nijue la kusema. Nikadaka jina la Mwende, nikadaka "dadi", basi. Aliponyamaza watu wote wakanigeukia. Wewe ungefanya nini? Nikasema, "Okei."

Wakapiga makofi. Haji akanivuta koti, "Mzee, umesikia ulichoulizwa?" Nikamkata jicho. Treni ya pili ikapita, okei, makofi tena, na mama mmoja akapiga kigelegele (sasa mtu akishapigiwa kigelegele anaanzaje kuuliza maana?). Ya tatu nikaitoa kwa uzito, kama chifu. Halafu kwa vile nilijiona nimeshinda, nikashika kisu nikakata nyama, na kwetu mwenye boma akishakata nyama, maneno yamefungwa.

Nikamwona Mwende akiinuka anakimbilia ndani. Nikadhani ni furaha.

Mara mama yake akaniita jikoni. "Baba Mwende, mtoto amekukosea nini?"

"Nani kasema amenikosea?"

"Umekubali harusi iende kwao. Umekubali watu wetu wawe thelathini tu. Na kwa vile bwana harusi hana baba, wameomba kila mmoja aingie kanisani peke yake, asishikwe mkono na mtu. Na hiyo pia umeitikia, tena kwa sauti!"

Nikakaa juu ya gunia la viazi. Suti ile nilikuwa nimeirudisha kwa fundi mara mbili, sababu ya zile hatua ishirini za kumshika mkono kanisani, hakuna nyingine. Mwende akatokea mlangoni, macho mekundu.

"Baba, mimi nilijua utakataa. Lakini kama unaona haya kutembea na mimi, ni sawa."

Haya! Mimi!

Nikarudi kwenye tenti kichwa kikizunguka. Wageni mikono imejaa mafuta. "Ndugu zangu," nikasema, "yale ya mwanzo turudie."

Mzee wao mmoja akaacha kutafuna. "Nyama imekatwa, mkwe. Umegeuka?"

Nilitafuta uongo. Mimi huwa sikosi uongo, mteja anaweza kungoja kabati miezi mitatu kwa uongo wangu, lakini siku hiyo hata mmoja haukuja.

"Sijageuka. Sikuelewa. Kizungu sijui. Nilikuwa naitikia tu."

Mama mboga wetu wa mtaani, aliyekuwa akichungulia uani, akapasua kicheko, "Woi, Mutua! Na vile unatembeanga kifua mbele!" Tenti nzima ikalipuka, hata Haji, hata mpishi.

Mwalimu peke yake hakucheka. Akaweka mfupa chini, akavua miwani. "Hata mimi," akasema, Kiswahili chake kikiyumba, "hii Kiswahili yangu niliogopa. Niliambiwa watu wa Nairobi watanicheka. Sasa unataka nini, mkwe?"

"Harusi iende kwenu. Watu thelathini tutavumilia. Lakini mtoto wangu nitamshika mkono."

"Na huyu wetu asiye na baba? Aingie peke yake, watu wakimtazama?"

Hilo sikuwa nimelifikiria, kichwa kilikuwa bado kimevurugika, nikajibu tu kilichokuja. "Nina mikono miwili."

Mwalimu akanitazama, halafu akavuta kiti chake karibu na changu, akaomba aongezewe nyama.

Siku hizi mtu akinimwagia Kizungu, awe daktari, awe pasta, namwambia, sielewi, rudia kwa Kiswahili na polepole. Neno hilo hukwama kooni kwanza, siwadanganyi. Lakini nalisema.