Chumba cha Kinyozi Kando ya Mto

Kupanga nyumba Kisangani si jambo la kumwombea hata adui yako. Unatoa garanti, ile amana ya kodi, kabla hujaonyeshwa choo, dalali anachukua chake huku anacheka, halafu unapewa chumba huko mwisho wa mji, ambako ukitaka chumvi ya mchuzi ni lazima upande toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, na unarudi na vumbi hadi masikioni. Kwa hiyo msimshangae Lukumani kinyozi, mtu wa Kasongo kule Maniema, asiye na ndugu hata mmoja katika mji huu, kwa jinsi alivyojiona amebarikiwa siku alipopata chumba katika parsele, yaani kiwanja chenye nyumba, ya Mama Philomène, kando kabisa ya mto, jirani na kanisa kuu.

Pale alikuwa mfalme wa miguu yake. Alfajiri alikwenda msikitini kwa miguu, akarudi akanunua mikate ya moto kwa mama wa kona, akabeba kiti chake na mwavuli mpaka libongo, pale mitumbwi inapopakia watu wa Lubunga. Waliosubiri kuvuka aliwanyoa. Mchana lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki vilikuwa karibu hata kuliko njaa yenyewe. Jioni alitembea ukingoni, mikono nyuma kama gavana, akisalimia huyu na yule. Ungemwambia ahamie mtaa mwingine, angekutazama kama uliyemwambia ahamie mwezini.

Mama Philomène mwenye parsele alikuwa mjane, na mdomo wake, jamani! Kila siku alimgombeza. Lukumani, umemwaga maji mlangoni. Lukumani, nywele za watu zimeganda kwenye shati yako, upepo unazileta mpaka kwenye sufuria yangu ya mboga ya pondu! Alipopoteza ufunguo kwa mara ya pili, mama alimchongeshea mwingine, akaufunga mwenyewe kipande cha kitambaa chekundu, akamtupia. "Ukipoteza na hii, utalala inje na mbuzi." Lukumani aliitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na moyoni alimwona ni mwanamke asiyempenda mtu.

Basi siku moja mama akamwita barazani. Pembeni yake alikaa Hugues, mtoto wa dada yake, kijana mrefu aliyetoka Bengamisa na suruali mpya.

"Lukumani, utafuta fasi ingine," mama alisema. "Hugues anaoa. Atakaa mu chumba yako."

Lukumani alisimama. "Mama, mi nimekaa hapa myaka yote hii, sijakukosea hata siku moja, na weye unanifukuza kama kuku?"

"Sikufukuze. Minakuambia mbele, ujipange."

"Juu ya nini mimi? Juu ya nini siyo Déborah?" Déborah, mwanafunzi aliyepanga chumba cha pili, alikuwa anafua uani, alisikia jina lake, akazama uso kwenye povu.

"Weye iko mupangaji," mama alisema. "Hugues iko damu."

Neno hilo lilimchoma. Usiku ule hakula. Kesho yake aliondoka kwenda Yangambi bila kuaga, kwa sababu rafiki yake Dady alikuwa anaoa kule na yeye ndiye wa kumnyoa bwana harusi na wasimamizi wake wote. Kwenye balenyeri, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, alizima simu. Hesabu yake ilikuwa ya kitoto, lakini aliiona kali: wasiponipata, hawawezi kunifukuza. Mtu mzima na ndevu zake!

Harusi ikaisha vizuri. Siku ya kurudi, balenyeri ilipokuwa inapakia mizigo, Lukumani alipanda, akaweka begi lake kwenye ubao ili kushika nafasi. Ndani mlikuwa na koti lake la harusi na ule ufunguo wa kitambaa chekundu. Hapo akaja mzee mmoja ufukoni, anaomba anyolewe haraka haraka. Lukumani alishuka, akamkalisha kwenye gogo. Amefika katikati ya utosi, honi ikalia. Watu wakaita, kinyozi, panda! Angeweza kupanda. Lakini kuna neno moja alilofundishwa na aliyempa ufundi, naye alilishika kuliko swala: kinyozi haachi kichwa nusu. Alimaliza upande wa pili, akainua macho, na balenyeri ilikuwa imeshageuka kwenye kona ya mto na begi lake.

Akaja kwa barabara. Mnaijua barabara ile wakati wa mvua? Pikipiki ilikufa kwenye tope, yeye na dereva wakalala kijijini, wakaisukuma, ikafa tena, siku zikapita. Pantoni ya mto Lindi nayo ilikuwa imekwama. Alivuka kwa mtumbwi na kumaliza safari kwa miguu yake, mkasi, kitana na wembe mfukoni. Kwamba ile balenyeri iligonga gogo usiku uleule ikapinduka, hakuna aliyemwambia. Simu ilikuwa bado imezimwa.

Aliingia mjini alasiri. Mto ulimeta, mitumbwi inavuka, na yeye njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumbembeleza mama. Mama, nipe hata ile stoo ya makaa. Mama, nitamnyoa Hugues bure mpaka azeeke. Lolote, mradi asitoke kando ya mto.

Alipofika kwenye kona ya mtaa alisimama ghafla. Matawi ya mchikichi yalikuwa yamechomekwa pande zote mbili za njia, alama ya matanga, na hakuna asiyeijua. Akasogea. Turubai la buluu lilikuwa limefungwa juu ya ua wa Mama Philomène. Viti vya plastiki. Vilio vya wanawake.

"Nzambe, Mungu wangu," alisema. "Mama Philomène!"

Mama ana presha, wote walijua. Na yeye alimwacha na hasira, bila hata kwaheri. Nimemuua, aliwaza, nimemuua kwa ajili ya chumba. Mikono ikapanda kichwani yenyewe na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, akaingia kwa kulia kama inavyotakiwa: "Mama yangu eee! Mama Philomène, unaniacha na nani! Mi sikukuaga, mama eee!"

Mpishi wa matanga aliangusha upawa ndani ya sufuria ya maharagwe. Vilio vikakatika mara moja, kabisa. Halafu viti vikaanza kuanguka. Wazee wa msikitini, waliokuwa mkekani wanamwombea marehemu, walisimama wote wakileta istighfari, na mmoja aliruka ukuta ambao siku nyingine asingeufikia hata kwa ngazi. Déborah alipiga yowe, "Yesu wangu!" akajificha nyuma ya pipa la maji.

Lukumani alidhani ni uchungu wa msiba. Hakuelewa kitu. Aliona kitanda chake uani, kimeegemezwa ukutani. Aliona mlango wa chumba chake uko wazi, na godoro lake limelazwa chini ndani. Hasira ikampanda juu ya machozi: hata mama hajazikwa, wameshanitoa! Akamtafuta Hugues kwa macho ili amwambie neno, na macho yake yakatua kwenye meza ndogo chini ya turubai.

Juu ya meza kulikuwa na mshumaa na picha kubwa iliyozungushiwa majani. Sura ya mtu aliyenyoa vizuri. Sura yake. Mbele ya picha, ufunguo wenye kitambaa chekundu.

Alikaa chini, pale pale kwenye mchanga. Wahenga wanasema hujafa hujaumbika. Mwenzetu alikuwa ameshakufa na bado haelewi.

"Yaya Lukumani," Déborah alisema kutoka nyuma ya pipa, akimwita kaka kama siku zote, "weye iko mutu ao iko muzimu?"

"Mi iko mutu! Ni nini hii? Nani amekufa?"

"Weye! Balenyeri ilipinduka. Wengine wote walionekana, weye tu hapana. Wavuvi walileta begi. Tulikuita, yaya, tulikuita, simu imefungwa! Mama alishinda libongo anauliza kila mutumbwi. Siku ya tatu, mama mwenyewe akasema, bon, tumulilie."

Hugues ndiye aliyejitokeza, amejishika kiuno, haogopi sana kama wenzake. Huyu kijana alikuwa na aibu kidogo, na si zaidi ya kidogo.

"Yaya, aksanti Mungu uko muzima. Donc... ile garanti yako, iliisha. Maharagwe, kahawa, turubai, ni weye ulilipa. Na mi nilishapima dirisha juu ya rido." Kufa kufaana, walisema wa kale, nao hawakukosea: mtu hajaoza, dirisha lake limeshapimwa pazia.

Kwa hiyo hana chumba, na hana hata garanti ya kukitafuta kingine. Amejilipia matanga yake mwenyewe. Lukumani alicheka kicheko kimoja kibaya. Kisha akakumbuka kilichomliza.

"Mama iko wapi?"

Hugues alionyesha chumba kwa kidevu.

Aliingia. Wanawake waliokuwa wamekaa chini walipitia pembeni yake wakatoka mbio, mmoja na kiatu mkononi. Alibaki mmoja tu, amekaa kwenye godoro, miguu imenyooshwa mbele kama mama aliyefiwa na mtoto. Lukumani hakumtambua. Alitazama tena. Kilemba hakikuwepo. Nywele hazikuwepo. Kichwa cha Mama Philomène kilikuwa cheupe kwa upande mmoja, mikwaruzo ya wembe imekauka damu; nyuma ya sikio la kushoto na kisogoni mvi zilibaki kwa mafungu, kama shamba lililolimwa na mlevi.

Mama hakukimbia. Alinyoosha mkono, akashika mguu wa Lukumani, akaubinya unyayo, kisigino, kifundo, vidole vyote, kama anayehakikisha si mzimu.

"Miguu iko yake," alisema polepole. Kisha akaupiga ule mguu kofi, akapiga la pili, akapiga na la tatu huku analia. "Mujinga! Mujinga weye! Juu ya nini ulifunga simu? Nimelia mpaka sauti imekwisha! Mi iko mutu wa presha, unataka kuniua?"

"Mama, mi nilifikiri ni weye umekufa."

"Nife, nani atakugombeza?"

Hugues alikuwa amefika mlangoni. Watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja nyuma yake, wanachungulia. Pengine kijana hakuwa mbaya. Alikuwa na mchumba anayesubiri, na ahadi ni ahadi. Alikohoa.

"Donc tantine, sasa chumba itakuwa namna gani? Si ulisema mupangaji atatoka?"

Lukumani aliinamisha uso. Alijua jibu, alikuwa ameshalisikia barazani, na hakutaka kulisikia mara ya pili mbele ya watu wote hawa.

Mama Philomène aligeuza shingo, akamtazama mtoto wa dada yake.

"Hugues, tazama kichwa yangu."

"Ndiyo, tantine."

"Tazama muzuri. Nilinyoa mara moja tu, siku bwana yangu alikufa. Sasa uniambie weye, na hawa wote waniambie. Nani ananyolea mupangaji kichwa?"

Hugues alitazama kile kichwa, akatazama chini, akatoka nje. Baada ya kitambo walimsikia anamwambia Déborah amsaidie kurudisha kitanda.

Lukumani alikaa kwenye ukingo wa godoro. Watu watakuambia alijaa furaha. Haikuwa furaha, ilikuwa mshtuko. Miaka yote aliishi katika nyumba ya mama yake na hakujua, alidhani amepanga.

"Mama," alisema, "nani alikunyoa vibaya hivi?"

"Mi mwenyewe. Sikutaka mutu anishike. Nilifika katikati, mukono ikakataa."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa mkasi, kitana na wembe, akapiga magoti nyuma yake kwenye godoro.

"Acha," mama alisema. "Tangu lini maiti inanyoa watu?"

"Kinyozi haachi kichwa nusu, mama. Inamisha kidogo."

Aliinamisha. Lukumani alianza nyuma ya sikio la kushoto, taratibu, akizunguka mikwaruzo. Hajawahi kukigusa kichwa kile maishani mwake. Kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, na chenye joto. Nywele za matanga yake mwenyewe zilimdondokea magotini, na machozi yake yakadondoka juu ya kichwa cha mama, naye akayapangusa kwa kiganja na kuendelea kunyoa.

"Na uzikusanye zote," mama alisema. "Zikiingia mu pondu yangu, utanitambua."