Deo aliniapia mifumo inasomana

Leo nusura mama yangu achomwe penisilini, dawa iliyowahi kumzimisha.

Mimi ni nesi wa zahanati kule Kurui. Rafiki yangu Deo ndiye aliyeunganisha kompyuta zetu na za hospitali anayofanyia kazi, Kibaha.

Akaniapia, "Dada, mifumo inasomana. Waambie wagonjwa waachane na madaftari ya matibabu."

Nikawaambia wote. Mama alipobisha nilimgombeza kabisa, lake libaki nyumbani.

Leo nimempeleka Kibaha, kidonda cha mguu. Natoka kupanga foleni ya dawa, narudi nakuta nesi ameshika sindano, na mama anachomoa daftari lake ndani ya kanga, amwonyeshe palipoandikwa mzio wake.

Kwenye kompyuta yao: "Mzio wa dawa: hakuna."

Jamani! Huo mzio niliuandika mimi kwenye kompyuta yetu, kwa mkono wangu!

Nikampigia Deo. Wala hakushtuka.

"Aah, mzio? Nyie mnaandika maneno, sisi tunachagua kwenye orodha. Hatujaoanisha hapo, kwa hiyo huku inajijaza 'hakuna'. Nilijua, nikasema tutarekebisha."

ALIJUA. Na bado jana kanitumia vichekesho.

Niambieni, huyo mtu namwitaje?

Sasa tuko kituoni Kwa Mathias, hapa hapa Kibaha, tunasubiri gari. Mama kalikumbatia daftari lake, ananiomba msamaha.

"Nilikudanganya, mwanangu. Sikuliacha."

Mama hakunisikiliza, ndiyo maana narudi naye.

Wagonjwa wangu wengine walinisikiliza.