Nilimtenga Mjane Kwenye Jani la Chakula

Admin, nifichie jina, hapa Omurushaka tunajuana. Nina miaka 36, nimeolewa, tumepanga kwenye ua wa vyumba sita. Jumapili tukitoka kanisani tunapika sufuria moja kwa zamu na kula wote pamoja, ndizi, kwetu ebitoke, zimemwagwa juu ya jani kubwa la mgomba. Zamu napanga mimi. Anayebisha namsema palepale, sina aibu.

Mwaka huu akahamia mjane mmoja kutoka Nyakatuntu. Zamu yake ya kwanza mume wangu akala, akalamba vidole, akasema mbele za watu, "Leo ndiyo tumekula ebitoke." Miaka kumi na moja nampikia, hajawahi kuniambia hivyo! Roho iliniuma jamani.

Yule mama alikuwa anakohoa. Nikamsindikiza hospitali, nikabaki dirishani, nikasikia kwa masikio yangu daktari akimwambia ni pumu. Kurudi nikawanong'oneza wenzangu, "Ni TB. Tumtengee." Akaleta karatasi ya vipimo, nikamcheka: "Karatasi si inaandikwa na mtu?" Tangu hapo tukawa tunamkatia kipande cha jani, tunamwekea mlangoni kwake zile ndizi zilizoshika chini ya sufuria. Anapokea kwa mikono miwili, "Asante, waitu," yaani ndugu yetu. Na mimi nilikuwa nafurahi, nisiwadanganye.

Basi mwezi uliopita kikohozi kikanishika mimi. Mafua tu ya vumbi! Jumapili natoka na kanga yangu nikakae, nakuta kipande cha jani mlangoni kwangu. Mume wangu yuko kwenye jani kubwa, anatafuna, haniangalii. Nikaenda kupima, nikarudi na karatasi kwamba sina TB. Wakaangua kicheko: "Karatasi si inaandikwa na mtu, dada?"

Nikarudi kukaa mlangoni kwangu, na aliyenifuata ni yule mjane. Alibeba chakula chake, akaketi kando yangu. "Kula, waitu. Mwanzoni kinakaba, baadaye unazoea."

Anadhani niliogopa ugonjwa kweli. Hajui kwamba nilisikia. Sasa kila Jumapili tunakula wawili, na kikohozi changu kilishaisha zamani. Nikisema ukweli, yeye watamrudisha kwenye jani kubwa, mimi nitabaki hapa mlangoni, na sidhani kama kuna atakayenifuata tena. Nishaurini ndugu zangu, niseme, au ninyamaze ili niwe na wa kula naye?