Mtu wa Kumi na Mbili Chini ya Barabara ya Mikindani

Haki ya Mungu, haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na chai ya maziwa tumboni. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Baba yangu alikuwa hamali kwenye maghala ya Changamwe. Alinisomesha kwa mgongo wake, na alitaka kitu kimoja tu: niwe daktari. Alama hazikutosha. Nikasomea usalama kazini, nikaajiriwa kwenye handaki la maji taka lililokuwa likichimbwa chini ya barabara, papo hapo mtaani kwetu Mikindani. Baba hakukubali kushindwa. Kanisani akatangaza kwamba mwanawe ni "daktari wa chini ya ardhi." Niamini, Jumapili moja mama mmoja alivua kiatu anionyeshe mguu uliovimba. Nilimshauri anunue buti.

Basi siku hiyo nilishuka kuwahesabu mafundi. Daftari la getini lilisema kumi na mmoja. Nikahesabu kumi na wawili. Nikarudia: kumi na wawili. Wa mwisho alikuwa mzee, amechuchumaa peke yake mwisho wa handaki, miguu mitupu, kichwa wazi, mkono wa kulia una vidole vitatu. Hasira zikanipanda. Akiumia, si mimi ndiye nitakayeulizwa?

"Shikamoo, mzee. Helmeti yako iko wapi?"

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba. Akanitazama juu mpaka chini.

"Umesoma mpaka wapi?"

Hebu fikiria! Nimeshuka kumkagua mtu, na mimi ndiye ninayefanyiwa usaili. Nikajibu, diploma. Akasonya, sonyo refu kama la shangazi zangu siku matokeo yalipotoka.

"Diploma nzima, na mbao inalia juu ya kichwa chako husikii?"

Nikainua tochi. Boriti lililozuia udongo lilikuwa limepasuka, mchanga unamwagika kama unga, maji yanachuruzika. Na asubuhi ile nilikuwa nimetia sahihi kwamba mbao zote ni nzima. Nilizikagua? Wapi! Nilikuwa ofisini nikinywa ile chai.

Nikapiga kelele watu watoke. Fomeni, kijana wa bara, akalalamika, "Madam, si tumalize hii mita moja kwanza?" Nikamsukuma ngazini. Tulipofika juu nikahesabu tena. Kumi na mmoja. Mzee hayupo! Nikageuka nirudi chini, fomeni akanikamata koti. Tukiwa tunavutana, ardhi ikanguruma na vumbi likatupiga usoni. Handaki lilikuwa limeporomoka.

"Kuna mzee ndani!" nikalia.

"Mzee gani? Tulikuona ukiamkia ukuta."

Siku mbili walifukua udongo. Hawakupata mtu, hata kandambili.

Nilimsimulia baba. Nilipofika kwenye vidole vitatu, akaweka kikombe chini. Babu yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa, alikuwa mchimba visima kule Kaloleni. Kamba ya ndoo ilimkata vidole viwili. Kisima chake cha mwisho kilimfunika, kwa kuwa aliona kuweka mbao ni woga. Baba wakati huo alikuwa darasa la nne, na shule yake ikaishia hapo.

"Ndiyo maana nilitaka uwe daktari," akasema. "Ukae mbali na mashimo." Kisha akainua tena kikombe. "Na diploma, alisemaje?"

"Alisonya."

Baba akacheka mpaka akafuta machozi. "Ndiye huyo."

Kazini niliandika ripoti. Palipouliza nani aliyegundua hatari, nikajaza: mfanyakazi asiyeandikishwa. Nikapewa barua ya onyo kwa kumruhusu mtu aingie bila kuandikishwa! Mpaka leo barua hiyo imo kwenye faili langu, na mpaka leo sitii sahihi kwa mbao ambayo sijaigusa kwa mkono wangu.

Nawe unayefanya kazi chini ya ardhi, ukimkuta mwenzako ambaye jina lake halimo daftarini, usibishane naye. Mwamkie kwa adabu, tazama pale anapotazama, kisha panda ngazi. Mbio.