Kitabu Changu Kilichopelekwa kama Malimbuko

Mchungaji alikiinua kitabu juu pale mimbarini, jalada linang'aa, nyuma picha ya mwalimu mkuu wa shule yetu amevaa tai, akasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Ulikuwa ule wa mama anayetwanga mahindi ya manjano ya msaada akitaka yawe muthokoi, mahindi yaliyotolewa maganda ya kupika na maharagwe, yakakataa, yakavunjikavunjika kinuni, na mbuzi alipopewa akanusa akageuka. Kanisa zima likacheka. Walicheka palepale nilipotaka wacheke. Mama huyo ni mama yangu. Mbuzi pia alikuwa wetu.

Mke wangu akanigusa na kiwiko. "Baba ya watoto, hiyo si ni yako?"

"Nyamaza," nikamwambia, maana mwalimu alikuwa amesimama anapungia watu mkono kama bwana harusi.

Sitadanganya, wivu ulinishika kabla ya hasira. Kitabu chake kilisimama chenyewe juu ya meza. Changu hakikuwahi kusimama. Kililala kama chapati.

Nilikitengeneza hapa Nunguni miaka ya sabini. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo kuandika kulikuwa kama kulima mawe. Kanisa lilikuwa na taipureta na mashine ya stensili, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nilibeba mchanga wa kujengea nyumba ya mchungaji, naye akaniruhusu nizitumie. Niligonga kwa vidole viwili. Ukikosea unapaka dawa, unangoja ikauke, unagonga tena, na mara nyingine stensili, ile karatasi ya nta, inapasuka na ukurasa wote umeenda. Wino ulipopungua, kurasa za mwisho zikatoka kama moshi. Mke wangu alishona migongo kwa uzi wa mkonge aliotaka kusukia kiondo.

Mchungaji huyohuyo ndiye aliyeniharibia. Kwetu mazao ya kwanza ya shamba hupelekwa kanisani, malimbuko, na hakuna anayeandika jina lake juu ya boga. Nilipomwonyesha jalada akasema, "Ndugu, hii ni kazi ya kwanza ya mikono yako. Ilete kama malimbuko. Lakini jina liondoe, sadaka haitangazwi." Nikaona ni maneno ya Mungu. Nikaliondoa. Na kwa sababu stensili ya jalada ilikuwa moja, vitabu vyote vikatoka bila jina, hata vile vya kuuza.

Baada ya ibada sadaka zilipigwa mnada kama kawaida. Kitabu changu kiliwekwa katikati ya kuku na maboga. "Nani anataka kitabu?" Mtu mmoja nyuma akauliza, "Kinataga?" Watu wakavunjika mbavu. Mwalimu mkuu ndiye aliyekichukua. Nikamshukuru kwa mikono miwili, mimi mjinga!

Vingine nilipeleka soko la Wote na hata la Kanyangi. Mama mmoja aliuliza kama ni cha injili.

"Hapana mama, ni cha njaa."

"Njaa naijua, mwanangu. Mimi nikainunue tena?"

Mwingine akapapasa karatasi akasema itafunga ugoro vizuri. Na kweli, vingi vilifunga ugoro.

Miaka ikapita, mpaka Jumapili ile mchungaji alipokiinua kitabu mimbarini. Mwalimu alikuwa amenyoosha Kiswahili changu, akapata mtu wa kumchapia Nairobi, akaweka jina lake. Nilimngoja mlangoni.

"Mwalimu, hayo ni yangu."

"Jina lako liko wapi, mzee?"

"Si wewe ulikichukua mnadani?"

"Nilinunua sadaka. Sadaka haina mwenyewe."

Mchungaji alikuwa hapo kando yetu, anasikia yote. Aliangalia viatu vyake. Mabati ya kanisa yalikuwa yamenunuliwa na mwalimu.

Mwalimu, njaa hiyo uliiona wapi? Baba yako alikuwa na duka. Sisi tulipokuwa tunapanga foleni ya mahindi, wewe ulikuwa unakula mkate mlangoni, na hata huo mkate nilikuonea wivu. Sasa watoto wa shule wanasoma jina lako, na mama yangu amekuwa mama yako.

Lakini wewe, mchungaji, ndiye ninayekudai jibu. Umestaafu, uko hapo tu ng'ambo ya mto, akili yako ni nzima. Njoo Jumapili moja usimame mbele ya wale waliocheka, mwalimu akiwa ameketi, uwaambie ni nani aliyekiandika. Ukishindwa, waambie kwa nini ulinyamaza.